Nyumba pana, safari ndefu: Familia zetu na kuhamia viunga vya Dar es Salaam

 Leo tumependa tuzungumze na familia za Kiislamu juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba ya kupanga katika jiji la Dar es Salaam hulijadili usiku baada ya chakula, na hasa pale mwenye nyumba anapobisha hodi kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Jambo lenyewe ni kuhama. Kuacha chumba na sebule cha Kariakoo, Ilala, Magomeni au Temeke na kwenda kujenga Chanika, Chamazi, Vikindu, Kigamboni ya ndani, Bunju, Kibamba au Kibaha.

Wanaohama ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728, ongezeko linalokaribia robo. Lakini tazameni jirani yake: Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu yapata milioni 1.1 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukawa umevuka milioni mbili. Hatusemi kwamba wote hao walitoka Dar es Salaam. Hata hivyo, yeyote apitaye Mkuranga, Kisarawe au Kibaha leo anaona kwa macho yake jinsi mikorosho na minazi inavyopisha misingi ya nyumba na milundo ya matofali.

Na sababu za kuhama zinaeleweka. Mtu mwenye watoto watano hawezi kuwalea vizuri katika vyumba viwili vya nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi mmoja na ua mmoja unaotumiwa na familia zote. Uislamu umefundisha watoto wa kiume na wa kike watenganishwe malazi wanapokua, na wabishe hodi kwa wazazi wao katika nyakati tatu za faragha zilizotajwa katika Sura An-Nur. Watabisha hodi mlango gani ikiwa mlango ni mmoja, na baada ya mlango huo kuna pazia tu? Kwa hiyo hatuandiki makala hii kumkataza mtu kuhama. Tunaandika kwa sababu tunaona familia nyingi zikihesabu bei ya kiwanja, saruji na mabati, kisha zinasahau kuhesabu kitu kingine ambacho hulipwa kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini.

Mambo manne, na lile la nne

Imepokewa kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametaja mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando chepesi. Na katika mambo ya tabu akataja kinyume chake: jirani mbaya, mke mbaya, nyumba yenye dhiki na kipando kibaya. Hadithi hii tumeisikia mara nyingi katika hotuba za ndoa, na wahubiri wetu hukaa sana kwenye mke na jirani. Nyumba huitaja kwa haraka. Kipando mara nyingi hata hawakifafanui, labda kwa kudhani kwamba habari za ngamia na farasi zimekwisha wakati wake.

Hazijakwisha. Kipando cha mkazi wa Chanika ni daladala, na kabla ya daladala ni bodaboda, na baada ya daladala ya kwanza ni daladala ya pili. Anayehamia kiungani kwa hakika anapata lile jambo la pili, nyumba pana, tena huipata kwa bei ambayo mjini asingeiota. Lakini mara nyingi hulinunua kwa kuliuza lile la nne.

Saa ambazo hazimo katika mkataba

Hebu tuchukue mfano wa baba mwenye meza ya vitambaa Kariakoo, anayeishi Chanika, yapata kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Anatoka nyumbani saa 10:30 alfajiri, kabla ya adhana. Anapanda bodaboda hadi barabarani, anapanda gari hadi Gongo la Mboto, anaunganisha gari jingine linalofuata Barabara ya Julius Nyerere hadi mjini. Siku njema anatumia saa mbili. Jioni anatumia saa mbili nyingine, na mvua ikinyesha hazitoshi. Saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 24. Yaani katika kila wiki aliyopewa na Mola wake, usiku mmoja na mchana wake ameutoa barabarani akiwa amesimama na mkono juu kwenye bomba.

Na fedha je? Tuseme alikuwa akilipa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi, naye anajisifu kwamba sasa ameipumzisha. Tuseme nauli zake zote, bodaboda na daladala, kwenda na kurudi, ni shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000. Zimebaki 22,000. Hapo hatujahesabu chakula cha mchana mjini, wala yule mtoto wa sekondari ambaye wazazi hawakutaka kumhamisha shule. Sisi hatupingi hesabu ya mtu anayesema kwamba nyumba ni yake na kodi haina mwisho. Ni hoja nzito, kwani nauli ya leo inamwachia mwanawe urithi, na kodi haimwachii kitu. Tunachotaka ni hesabu iandikwe yote, mke na mume wakiwa pamoja, kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikika kwa shilingi. Baba huyu anaondoka watoto wamelala na kurudi watoto wamelala. Mama ndiye anayesikiliza Qur'ani ya mtoto, ndiye anayekwenda shule akiitwa na mwalimu, ndiye anayepambana na kijana wa miaka kumi na minne aliyeanza kukaa kijiweni. Akina mama wa viungani hulalamika kwamba siku ya Jumapili watoto humwogopa baba yao kama mgeni, naye kwa kuwa amechoka huwafokea wakicheza. Mtume (s.a.w.) amemwita mwanamume mchunga katika watu wa nyumba yake, ataulizwa juu ya alichochunga. Mchunga anayewaona kondoo wake siku moja katika saba atajibu nini?

Tuiguse pia Swala, maana maswali yake huletwa sana. Wapo wanaouliza kama mkazi wa Chanika au Kibaha anayekuja mjini kila siku anaweza kupunguza Swala kwa kuwa yumo safarini. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, nayo ndiyo mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, umbali wa kupunguza Swala ni kiasi cha kilomita 80 au zaidi, kwa hiyo huyu si msafiri. Tatizo lake kubwa zaidi ni Alfajiri na Magharibi. Anayepanda gari kabla ya adhana na kushuka jua limechomoza ameipoteza Alfajiri yake kila siku ya kazi. Na Magharibi, ambayo muda wake ni mfupi, humkuta katikati ya msongamano. Tunawaona watu wa Mbagala na Gongo la Mboto waliokwisha kupata dawa: alfajiri huswali katika msikiti wa karibu na kituo ndipo wapande gari, na jioni husubiri Magharibi mjini kisha wakaondoka, wakati ambapo hata kugombea mlango wa gari kumepungua. Wanafika nyumbani wamechelewa nusu saa, lakini wanafika na Swala zao.

Madina nayo ilikuwa na viunga

Wapo wanaodhani kwamba kuishi mbali na mji ni jambo la zama hizi za magari. Sivyo. Madina ya wakati wa Mtume (s.a.w.) ilikuwa na vitongoji vyake vya mbali, na upande wake wa juu palikuwa pakiitwa Al-Awali, ambapo baadhi ya makazi yake yalikuwa umbali wa kama maili nne kutoka Madina. Huko ndiko alikoishi Umar bin Al-Khattab (r.a.) kwa wakati fulani, katika makazi ya Bani Umayya bin Zayd. Amesimulia mwenyewe, na Imamu Bukhari ameipokea, kwamba alikuwa na jirani katika Answari, wakapeana zamu ya kuteremka kwa Mtume (s.a.w.). Siku moja anateremka Umar na jioni anamletea mwenzake habari za wahyi na mengine ya siku hiyo. Siku ya pili anateremka jirani naye anafanya vivyo hivyo.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu katika kisa hiki kuna funzo ambalo halisemwi. Wanazuoni hukitumia kuonesha hima ya Masahaba katika kutafuta elimu, na ni kweli. Lakini kina jambo jingine: mtu mkubwa kama Umar hakujaribu kwenda mjini kila siku. Alikuwa na kazi zake na familia yake huko juu, akagawana mzigo wa umbali na jirani. Leo katika mtaa mmoja wa Chamazi wamo wanaume arobaini wanaoondoka alfajiri moja na kurudi usiku mmoja, na mtaa unabaki mchana kutwa bila mzee wa kumkemea mtoto. Hivi haiwezekani kwa wachuuzi na mafundi, ambao siku zao ni mali yao wenyewe, kupeana zamu? Mmoja akachukua bidhaa za mwenzake Kariakoo siku ya Jumatatu, mwingine Jumanne, na anayebaki akawa ndiye baba wa mtaa kwa siku hiyo, akawapitia vijana madrasa na kijiweni? Walioajiriwa hawawezi, tunajua. Lakini katika miji yetu wanaojiajiri ni wengi kuliko walioajiriwa.

Bibi Aisha (r.a.) naye amesimulia kwamba watu walikuwa wakija Swala ya Ijumaa kutoka makwao na kutoka Al-Awali, wakifika wamejaa vumbi na jasho, ndipo Mtume (s.a.w.) akawahimiza kuoga kwa ajili ya siku hii. Anayesoma ukurasa huu akiwa ametoka Vikindu asubuhi na shati limekwisha kuloa atawaelewa watu wale vizuri kuliko sisi.

Na kisa cha tatu ni cha Bani Salima. Hawa makazi yao yalikuwa mbali na Msikiti wa Mtume, na ardhi ya kuuzunguka msikiti ilipopata nafasi wakataka kuhamia karibu. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Katika riwaya ya Anas (r.a.) imeelezwa kwamba hakupenda viunga vya Madina viachwe vitupu. Basi aliyeko kiungani asijione ametupwa. Ardhi ya pembezoni ina haki ya kukaliwa, na msikiti wake una haki ya kujengwa, na hatua za kuufikia zinaandikwa hata kama ni za kuruka madimbwi.

Shamba la urithi

Tunafika sasa mahali ambapo tunaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini, kwa sababu hapa haitoki nauli tu, hutoka mali yote. Ardhi kubwa ya viunga vya kusini na magharibi mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Mkuranga, Chanika na Kisarawe, ilikuwa mashamba ya wenyeji, Wazaramo na Wandengereko, wengi wao Waislamu wenzetu. Babu alipanda minazi, miembe na mikorosho. Babu amefariki. Shamba limebaki, na wajukuu wanauza vipande.

Dalali atakuonesha kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, atakuonesha mwembe wa mpakani, atakupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtaandikiana, mashahidi watatia saini. Kila kitu kitaonekana kimekamilika. Lakini swali moja halikuulizwa: mirathi ya babu iligawiwa? Mara nyingi haikugawiwa. Anayeuza ni mtoto wa kiume mkubwa aliyebaki kijijini, na dada zake wanne walioolewa Rufiji, Zanzibar na Tanga hawana habari. Sura An-Nisaa imewapa wanawake fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, kikiwa kidogo au kingi, na kuliita fungu lililofaradhishwa. Kaka anayeuza fungu la dada yake ameuza asichokimiliki, na mnunuzi aliyejua au aliyefumba macho naye ana sehemu yake. Mtume (s.a.w.) ametoa onyo kali mno kwa mwenye kudhulumu ardhi hata kwa kiasi cha shubiri moja, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba.

Kisheria pia jambo hili lina njia yake. Warithi hukaa, wakapendekeza msimamizi wa mirathi, naye huteuliwa na mahakama. Kwa Waislamu wengi huwa ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu. Kwa hiyo mnunuzi wa shamba la urithi aombe kuiona barua ya uteuzi huo, na aombe warithi wote, akina dada wakiwa wa kwanza, waje watie saini zao mbele yake. Dalali atasema kwamba jambo hilo litachelewesha biashara. Na lichelewe! Kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba huchelewa zaidi, na wakati huo nyumba imekwisha kuezekwa.

Aendaye upande wa Mkuranga, Kisarawe au vijiji vya Kibaha aelewe jambo jingine. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na mamlaka yake ni ya Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake, hata akiwa na muhuri mfukoni, hana uwezo wa kukugawia au kukuidhinishia ardhi.

Vipo viwanja vilivyopimwa, na wenye uwezo wavifuate hivyo. Wasomaji wa zamani watakumbuka mradi wa viwanja 20,000 ambao Serikali iliuanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukapima viwanja Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Faida ya kiwanja kilichopimwa ni hati, na pia barabara iliyoachwa kabla watu hawajajenga, ili gari la zimamoto, la wagonjwa na la jeneza lipite. Siku hizi yapo makampuni yanayopima mashamba na kuuza viwanja kwa malipo ya kidogo kidogo. Kuuza kwa bei ya kulipwa baadaye kunaruhusiwa katika Uislamu hata kama bei hiyo ni kubwa kuliko ya taslimu, maadamu imeafikiwa na haibadiliki. Soma mkataba mpaka mwisho, hasa kile kifungu kinachoongeza fedha kila mwezi ukichelewa, kwani nyongeza ya namna hiyo juu ya deni wanazuoni wengi wameihesabu kuwa ni riba. Jadilianeni kiondolewe; wauzaji wengine hukubali.

Na akina baba, nyumba mnayoishi na mke mjini, hata iwe na jina lenu peke yenu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Tunalitaja kwa sababu yapo mashamba ya Kigamboni yaliyonunuliwa kwa siri kwa fedha za rehani ya nyumba ya Ilala, na mke akajua siku walipokuja wenye deni.

Umbali unapomshinda mtu

Mvua kubwa za Desemba 2011 zilileta mafuriko katika Bonde la Msimbazi, na mwaka 2012 Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini ya mbali ya Wilaya ya Kinondoni. Walipewa viwanja, na bondeni walikuwa wakikaa penye hatari ya kweli. Hata hivyo baadhi yao walirudi. Waliokuwa wakiwalaumu kwa ukaidi hawakuuliza walikuwa wakila nini: riziki zao zilikuwa Kariakoo na Jangwani, za siku kwa siku, na nauli ya Mabwepande ilikula kipato kabla ya wao kula. Kisa hiki kinaonesha kwamba bei ndogo ya kiwanja, hata ikiwa ni bure, haimfungi mtu mahali ambapo kipando kimemshinda.

Ni haki kusema kwamba mambo yamesogea tangu wakati huo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na wa upande ule hawategemei pantoni peke yake. Mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, na njia ya mwendokasi imejengwa katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Kila penye barabara ya namna hiyo, kiwanja hupanda bei. Na kwa maoni yetu, familia yenye kipato cha kawaida ni bora ichukue kiwanja kidogo, hata nusu ya kile ilichokitamani, kilicho karibu na barabara kuu, kuliko robo eka iliyo mwendo wa bodaboda ya shilingi 2,000 kutoka lami. Wapo watakaotupinga kwa kusema kwamba lami itafika. Huenda ikafika, lakini mtoto aliye darasa la pili leo hataisubiri.

Ukuta na jeneza

Jirani hatutamzungumza sana, kwa kuwa tumekwisha kumwandikia mara nyingi. Tuseme hili tu. Katika ua wa Ilala, ukiugua usiku, mpangaji mwenzio hukusikia ukikohoa. Kiungani kila mtu amezungusha ukuta na kutia geti, wengine kabla hata ya kupiga lipu, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kulijua jina la aliye mkabala naye. Halafu unafika msiba. Nani atamwosha maiti? Sanda inauzwa duka gani usiku? Tutazika wapi, ikiwa mashamba yote yamekatwa viwanja na hakuna aliyeacha hata hatua kumi za makaburi? Tunazijua familia zilizolazimika kurudisha jeneza mjini, kwa mitaa ya zamani, kwa kuwa mahali pao papya hapakuwa na wa kuzikana nao.

Kwa hiyo wanaotangulia katika eneo jipya wasianze na mnara wa msikiti. Madrasa ya chini ya mwembe inatosha kwa miaka ya mwanzo, pamoja na daftari la wakazi, kikundi cha akina mama wanaojua kuosha maiti, na mchango mdogo wa kila Ijumaa wa kununua kipande cha makaburi wakati ardhi ingali ya bei nafuu. Tena kipande hicho kiandikwe kuwa ni wakfu, kwa maandishi, ili mjukuu wa aliyekitoa asije akakiuza kama mashamba tuliyoyataja hapo juu.

Kabla ya kulipa

Basi familia iliyokwisha kupenda mahali isiende kupaangalia Jumapili mchana, wakati barabara ni nyeupe na dalali amewanunulia madafu. Iende katika masika, kati ya Machi na Mei, ione maji yanapita wapi. Na siku moja ya Jumatatu baba alale huko kwa mwenyeji yeyote, atoke saa ileile atakayokuwa akitoka, apande magari yaleyale, atazame saa anapofika kazini, na jioni arudi vivyo hivyo. Mama naye abaki huko mchana ule. Atembee hadi shule na hadi zahanati kwa miguu, amtazame mwalimu wa madrasa anavyofundisha, akae na wanawake watatu au wanne wa mtaa bila dalali kuwepo. Awaulize umeme hukatika mara ngapi, kisima kina maji matamu au ya chumvi, na dumu la lita 20 huuzwa shilingi ngapi mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikichelewa.